Nyayo Katika Maharage ya Kansay

Siku mliyoniaga mlinipa kiti cha kukunja, doti mbili za vitenge, na nafasi ya kusema. Kiti nakikalia sasa hivi. Vitenge viko kwa fundi. Nafasi ya kusema niliipoteza kwa kulia na kuwashukuru wapishi. Haya ndiyo niliyotaka kusema, na ni marefu kuliko sherehe ile. Nayaandika kwa sababu wiki yangu ya mwisho kazini nilimwona mmoja wenu, simtaji, akiingia shamba la mtu na buti ambazo hazijaoshwa. Nilitaka kupiga kelele. Nikanyamaza, kama kawaida yangu.

Elimu yangu ni ya darasa la saba. Mambo mengi ya kitaalamu niliyaokota kwa masikio nikiosha chupa, kwa hiyo nikikosea mnisahihishe. Madaftari yangu ninayo, nimeyapitia yote. Lakini nayo niliyaandika mimi mwenyewe, kwa hiyo msiyahesabu kama shahidi wa pili.

Niliajiriwa kuwa kibarua wa kuosha chupa katika kile chumba cha nyuma cha kituo chetu cha utafiti, tunachooteshea kuvu. Wakati huo kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lenyewe limezibwa kwa gunia. Mwenye chumba alikuwa Fundi Lohay, Mwiraqw mrefu kutoka upande wa Mbulu, mtu wa koti la kijivu na maneno machache. Asubuhi ya kwanza alinitazama mikono kabla ya uso.

"Kanawe."

"Nimenawa nyumbani, Fundi."

"Nyumbani ulinawa kwa ajili ya chakula. Hapa unanawa kwa ajili ya yule."

Akaonyesha rafu. Nilidhani kuna mtu amelala pale. Kulikuwa na mifuko ya plastiki iliyojaa chenga za mchele zilizochemshwa, na ndani ya kila mfuko kitu cheupe kama pamba kilikuwa kimetambaa juu ya mchele, na pembeni kilianza kugeuka kijani.

"Ni hai?" nikauliza.

"Anakusikiliza."

Hakucheka. Mpaka alipostaafu sikujua kama ule ulikuwa utani.

Chumba kizima kilinukia nazi. Mimi ni mzaliwa wa Karatu, nchi ya baridi na ngano. Nazi kwetu huja kwenye gunia kutoka Tanga, na mama yangu alinunua moja kwa Krismasi. Kuingia katika chumba cha giza kisicho na nazi hata moja, ukakuta mtu kama anakuna nazi nyuma ya rafu, ni jambo ambalo mwili hukataa. Nilizunguka kutafuta. Fundi aliniacha nizunguke, kisha akasema harufu ni yake yule, na siku asiponukia ndiyo siku ya kuogopa.

Siku ya tatu alinikalisha kwenye hadubini. Niliona nyuzi nyembamba zimenyooka. Akasema hao ndio wanaoozesha mizizi ya maharage. Kisha uzi mwingine, mnene zaidi, wa yule wa rafuni, ukawa umejizungusha juu ya ule mwembamba, mara moja, mara mbili, mara tatu, kama kamba kwenye shingo ya ndama.

"Amemkumbatia," nikasema.

"Akikumbatia hivyo, mwembamba hatoki tena. Amefungua mdomo hapo unapoona kijishimo, anamla taratibu. Hana haraka."

Usiku huo sikula wali. Baadaye nilizoea, nikawa namwita "yule" kama Fundi.

Kazi yenyewe mnaijua, ila vyombo vyenu ni vizuri kuliko vyetu. Sisi tulichemsha chenga kwenye sufuria la mvuke, tukaacha zipoe, tukawasha taa ya spiriti, tukafungua mfuko karibu na moto na kutia kipande cha kuvu kutoka chupa mama. Wakati wa kufungua tulifunga pumzi. Fundi alisema pumzi ya mtu ina wakazi wake. Baada ya siku kama kumi mfuko unakuwa kijani mpaka chini. Ukiona pinki, rangi ya chungwa au nyeusi, usimwonee huruma; chemsha, kafukie. Mwaka wangu wa kwanza niliharibu mifuko mingi kuliko niliyofanikisha. Fundi aliifukia bila kunisema, na ningependa angenisema.

Sasa nije kwenye mguu wangu. Nilianguka kutoka mkokoteni wa ng'ombe nikiwa na miaka tisa, mfupa ukaunga vibaya. Naburuta mguu wa kushoto. Wa kulia unakanyaga, wa kushoto unafuata ukichora mstari. Mmenizoea, hamuoni tena. Lakini udongo unaona.

Kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, Fundi alianza kunichukua mashambani kuandika lebo. Tulikuwa tunang'oa maharage yaliyooza mizizi kwenye shamba moja, na maharage mazima kwenye shamba jingine, ili kulinganisha. Nilipewa jozi moja ya buti za mpira na hizo hizo nikashinda nazo. Masika udongo mwekundu wa huku hushika buti mpaka unatembea kama umefungwa matofali. Na sisi tumelelewa: huingii kwa mtu na tope lako. Kwa hiyo tukifika shamba linalofuata, kabla ya kumsalimia mwenyewe, tulikwangua buti kwa kijiti hapo hapo pembeni mwa maharage yake, tukapiga mguu chini mara mbili tatu kumalizia vibonge, ndipo tukaingia. Tuliona ni adabu. Tuliifanya kila mahali, na watu walitusifu.

Mzee Sulle wa Kansay alikuwa na shamba zuri kuliko majirani zake. Tulifika kwake tukitoka shamba ambalo lilikuwa limeoza robo tatu. Nikakwangua buti barabarani kwake. Kisha nikaingia peke yangu, moja kwa moja mpaka katikati, nikapiga magoti nikang'oa mimea mitano isiyo na doa. Mkewe aliniita chai, nikatokea upande wa nyumba juu ya nyasi. Daftari langu la siku hiyo linasema: "Sulle. Maharage mazuri sana. Chai ya maziwa. Mvua saa nane."

Pembeni ya shamba la Sulle aliishi shemeji yake, Mama Anjela, mjane wa mdogo wake. Alimzika mume wakati wa kiangazi, na mtoto aliyezaliwa baada ya hapo hakumaliza mwezi. Wazee wa Kiiraqw wana kitu wanaita metimani: mtu aliyeguswa na vifo vya namna hiyo hukaa pembeni kwa muda, asikanyage mashamba ya watu, asichote maji panapochota wengine, asije akaacha alichobeba. Siku hizi haitangazwi. Kanisani hutaisikia. Lakini Mama Anjela alikaa ndani miezi michache tu, kisha akatoka kwa sababu ana watoto wanne na wanakula. Njia yake ya kwenda kisimani ilikata ukingo wa shamba la Sulle.

Wiki ya tatu baada ya ile chai, Sulle alituma neno tuje. Kulikuwa na ukungu wa asubuhi, ule unaoshuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kukaa juu ya mashamba mpaka saa nne. Tulikuta watu wamesimama barabarani kwa mstari. Hakuna aliyekanyaga ndani.

Maharage yalikuwa ya kijani yote. Isipokuwa kulikuwa na baka la njano karibu na barabara, la mviringo. Mbele yake baka jingine, refu. Kisha la mviringo. Kisha refu. Yalikwenda hivyo, moja baada ya jingine, kwa nafasi sawa, yakaingia kwenye ukungu mpaka katikati ya shamba, na pale yakaisha kwa baka moja kubwa, kama mtu amekaa.

Wataalamu mtasema ugonjwa hauwezi kuchora hivyo. Hata mimi nasema hivyo. Nimeandika nilichokiona.

"Mtu kapita humu," alisema Sulle kwa sauti ndogo.

"Si mtu," akasema mama mmoja nyuma yake. "Mtu angetoka. Hizo nyayo zinaingia tu."

"Ameingia, amekaa."

Wakageuza vichwa kutazama bati la nyumba ya Mama Anjela. Mimi nilikuwa nalitazama lile baka la pili, refu, na mguu wangu wa kushoto ukawa wa baridi ndani ya buti.

Fundi aliinama ukingoni, akavuta mche mmoja wa njano kwa vidole viwili. Ulitoka kama umechomekwa tu. Mzizi ulikuwa umeoza, rangi ya damu iliyokauka.

Kwenye gari aliniuliza, "Umeona nini?"

"Maharage yameoza mizizi."

"Hilo hata punda wa Sulle ameliona."

Kesho yake nilikwangua tope lililokauka kwenye nyayo za buti zangu, nikalitia kwenye makopo manne na kupanda maharage. Makopo mengine manne nikatia udongo uliochemshwa kwa mvuke. Mengine manne, tope la buti za Fundi, ili isiwe nimejionea mimi tu. Kisha nikasubiri wiki tatu. Nilijiambia nasubiri ushahidi. Mpaka leo sijui kama nilikuwa nausubiri au nilikuwa nimejificha nyuma yake. Nilikuwa kibarua asiye na mkataba, na kazi ile niliipenda.

Katika wiki hizo tatu Mama Anjela alikatazwa kisima. Akaambiwa pia asipande chochote masika hayo. Nilikutana naye barabarani na ndoo kichwani, akitoka kijito cha mbali, saa nzima kwa miguu.

"Mama Anjela, mbona njia hii?"

"Miguu yangu imekatazwa ile nyingine." Alitua ndoo, akapumua. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Dada, wewe uko na wataalamu. Nikuulize. Mtu anaweza kubeba kifo miguuni na asijue?"

"Anaweza," nikajibu.

Nilijibu upesi mno. Nilikuwa nasema juu yangu. Yeye alisikia juu yake. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali, akajitwisha ndoo yake. Nilisimama pale na mdomo wazi mpaka akapinda kona. Daftari la siku hiyo halina kitu. Ni tarehe tu.

Wiki ya tatu makopo yalisema. Udongo wa mvuke, yote mazima. Buti za Fundi, yote mazima. Huenda alikwangua vizuri kuliko mimi, huenda ni bahati yake. Buti zangu, matatu yalioza. La nne lilipona, sijui kwa nini, na ni haki niliseme. Siku hiyo hiyo tukasikia Mama Anjela anafunga vyombo. Anahamia kwao Mbulu. Hakufukuzwa na mtu. Amesema mwenyewe ni afadhali aondoke kabla hajaua shamba jingine.

Nilimpelekea Fundi makopo yote kumi na mawili kwenye sinia.

"Ukisema," alisema, "watatufungia Kansay yote."

"Nisiposema?"

Alinyanyua kopo la tatu, akalirudisha kwenye sinia. "Gari nitaendesha mimi. Maneno ni yako."

Tulifika jua la saa sita. Punda wawili wa Mama Anjela walikuwa wameshafungwa mizigo, godoro na masufuria, na jembe juu kabisa. Majirani walikuwa wamekuja kuaga, kwa umbali. Mzee Sulle alikuwepo. Nataka niwe mkweli juu yake: baadaye watu walisema alitaka kipande cha ardhi cha mjane. Mimi sikuona hilo. Niliona mtu ambaye amezika mdogo wake na mtoto wa mdogo wake, na sasa kitu kinatembea shambani kwake. Aliogopa.

"Mzee Sulle," nikasema, "naomba nitembee shambani kwako, kandokando ya yale mabaka."

"Bibi shamba, humo haingii mtu."

"Nilishaingia."

Nilivua buti nikatembea peku. Sikutafuta hatua, nilitembea ninavyotembea. Mguu wa kulia ukaanguka kandoni mwa baka la mviringo. Wa kushoto ukaburuta kandoni mwa lile refu. Kulia, mviringo. Kushoto, refu. Nilisikia watu nyuma yangu wanaacha kuongea, mmoja mmoja, mpaka nikasikia mguu wangu mwenyewe unavyosugua udongo. Sikuwa natembea mimi. Ilikuwa kama kuna mtu ametangulia na mimi namfuatisha, na mtu huyo alikuwa kilema kama mimi.

Nilipofika mwisho niligeuka. Sulle alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Rudia," akasema.

Nikarudi barabarani nikarudia. Safari hii nilipofika katikati nilipiga magoti, kama siku ile, na lile baka kubwa likanienea magoti na mikono.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni buti zangu, Mzee. Nadhani. Zilitoka shamba linaloumwa zikaleta udongo wake. Mama Anjela hajaleta kitu. Ingawa inawezekana pia mbegu zilikuwa na ugonjwa kidogo, au maji ya mvua yalipotoka kule juu, siwezi kuapa kwamba..."

"Martina," Fundi aliita kutoka barabarani, "hapo sasa nyamaza."

Nilidhani nitapigwa. Sulle alinitazama kwa macho mekundu, akasema, "Basi wewe hutakanyaga humu tena. Utakaa getini." Lilikuwa neno la haki, nikaitikia. Kisha akamgeukia Fundi. "Na hiyo kuvu yenu mnayosema inakula ugonjwa, ataiingiza nani? Kwenu sitaki mguu wa mtu."

Majirani walitazama chini. Ndipo Mama Anjela akamwendea punda wa mbele, akafungua kamba na kutoa jembe lake.

"Nipeni mimi," alisema. "Miguu yangu mmeiogopa mpaka mmechoka, shemeji. Sasa iwafanyie kazi."

Akamtazama Sulle machoni mpaka Sulle akasogea kumpisha. Kwangu hakutazama. Ilipita misimu miwili kabla hajanitazama, na sikumlaumu. Mimi ndiye niliyemjibu "anaweza".

Tukaanza hivyo. Mimi nasimama getini na mfuko uliofunikwa jua lisiupige, nikipaza sauti. Yeye anachukua, anachanganya na samadi iliyooza vizuri, anaacha kivulini, kisha anatia kiganja kimoja kwenye kila shimo la mbegu. Kwenye yale mabaka alitia viganja viwili, akianzia barabarani, hatua kwa hatua, mpaka katikati.

Msimu wa kwanza hatukupata kitu. Mbegu walizonunua zilikuwa zimepakwa dawa ya kuua kuvu, na ile dawa haibagui. Ilimuua na yule wetu. Sikuwa nimeuliza. Andikeni hilo mahali: ulizeni mbegu imepakwa nini. Msimu wa pili yaliota, mengi, si yote. Msimu wa nne Sulle alituma gunia la maharage kituoni. Sitasema kuvu ile ni malaika. Niliiona ikishindwa Mang'ola, niliiona ikishindwa palipojaa maji. Lakini Kansay niliiona ikifanya kazi, nikiwa getini.

Beseni lenye maji ya jiki na brashi mnalolikuta mlangoni, na ile kanuni ya kila shamba buti zake, vilianza wiki ile. Fundi alitaka viitwe kwa jina langu. Nilikataa, na mnaelewa kwa nini.

Mwaka huu, kabla sijaondoka kazini, nilikwenda Kansay kuaga. Fundi Lohay tulishamzika. Mzee Sulle anatembelea fimbo. Nilifika ukungu haujapanda, nikasimama getini kwa mazoea, miaka yote ile sikuwa nimevuka. Harufu ya nazi ilinifikia hapo, kutoka kwenye udongo, ndani ya baridi ile.

Mama Anjela alitoka ndani akikausha mikono. "Unasikia?" akauliza. "Yule wenu huwa anapika mapema, mvua ikinyesha."

Nikatazama shamba. Maharage yote yalikuwa mazuri. Lakini ndani ya kijani kile kulikuwa na kijani kingine, kizito zaidi, karibu cheusi. Mviringo. Refu. Mviringo. Refu. Nyayo ziliingia mpaka katikati, na pale palikuwa na kichaka kipana cha maharage yaliyosongamana.

"Hajaondoka," alisema Mama Anjela. "Kila mwaka yupo. Mbegu ya nyumbani natoa pale alipokaa."

"Ni vile viganja viwili ulivyotia," nikasema. "Nadhani."

"Endelea kudhani, dada." Na akacheka, mara ya kwanza ninayoikumbuka.

Sulle alikuwa amekuja nyuma yake na beseni, na birika mkononi. "Ingia," akaniambia.

"Mzee, uliniambia..."

"Najua nilichosema. Vua viatu."

Nilivua. Miguu peku nayo hubeba udongo, nilitaka kumwambia, lakini alikuwa ameshainama kwa fimbo yake, akanimiminia maji miguu yote miwili, wa kulia kisha wa kushoto, polepole, mpaka maji yakatoka meupe.

Niliingia. Nilitembea kando ya nyayo zile kwa uangalifu, nikahakikisha sikanyagi hata moja. Nilipofika katikati, mahali nilipopiga magoti nikiwa kijana, maharage yale marefu yalitikisika kidogo, na upepo haukuwepo, au sikuusikia. Sikupiga magoti. Nilisogea pembeni hatua moja, nikampisha.